Saa za Kidani za Kale: Maswali Yenu

Nimesikia kuna saa iliyowekwa ndani ya zumaridi. Ni kweli?

Kweli kabisa, na iko London. Vibarua waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu mtaa wa Cheapside mwaka 1912 waliikuta kwenye hazina ya vito iliyofukiwa chini ya sakafu. Ni ya mwaka 1600 hivi. Jiwe lake lenye pembe sita lilitoka Muzo, Colombia. Fundi alilichimba tumbo, akaingiza mitambo, akaifunika kwa zumaridi nyingine inayopitisha mwanga, ili saa isomeke bila kufunguliwa. Zumaridi ni jiwe jepesi kupasuka, kwa hiyo mkono uliofanya kazi hiyo naustahi mno. Mitambo yenyewe imeshaliwa na kutu.

Ile bluu inayong'aa mgongoni mwa saa za Geneva ni rangi ya kupaka?

Hapana, ni kioo kiitwacho enameli. Fundi husaga kioo cha rangi kikawa unga, hukilowesha, hukitandaza juu ya dhahabu, kisha hukichoma kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi. Kikipoa, huongeza tabaka na kuchoma tena, mara kadhaa. Upande wa ndani nao hupakwa kioo hicho, la sivyo dhahabu hujipinda na kioo kupasuka. Geuza saa kwenye mwanga uone mistari ya mawimbi ikicheza chini ya bluu: ilichongwa kwenye dhahabu kabla ya kioo kuwekwa. Kwangu mimi thamani iko hapa kuliko kwenye almasi. Almasi ikidondoka utapachika nyingine; kioo kikimeguka, kukichoma upya ni kuhatarisha kilichosalia.

Mbona saa yangu haina kichwa cha kujazia?

Hujazwa, yaani springi yake hukazwa, kwa ufunguo. Tafuta tundu dogo nyuma au kwenye uso. Fundi saa Mfaransa Adrien Philippe alipata hataza ya saa isiyohitaji ufunguo mwaka 1845, na kwenye maonyesho ya London ya 1851 Malkia Victoria alijipatia moja ya kuning'iniza, ya enameli ya bluu na almasi.

Bibi aliniachia yake. Nimpe sonara aing'arishe?

Usithubutu, dada. Kung'arisha hufuta nakshi, na tindikali hushambulia enameli. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Usiijaze pia: mafuta yaliyoganda husaga ekseli, vile vyuma vyembamba vinavyobeba magurudumu yake. Ipeleke kwanza kwa fundi saa aliyezoea saa za kale.