Kabla hujalipia kipimo cha mzio wa vyakula vyote

Mleta mada, pole sana. Kwa ambao hawajasoma bandiko lake: ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi saba. Mara mbili katika mwezi huu mtoto katokwa na mabaka mwilini baada ya kula. Mara ya kwanza alikula chapati za maji, mara ya pili uji wa lishe. Baba mtoto anasema ni harara tu, joto la Dar. Mama mkwe anasema mchango. Famasi wamempa Piriton. Na kuna mchangiaji kamshauri aende maabara fulani wanakopima vyakula vyote kwa damu ya mara moja. Swali lake: aende kwa daktari wa mzio (aleji) sasa au asubiri mtoto akue kidogo?

Mimi ni baba wa binti aliyepitia hayo hayo, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo. Jibu langu ni kwamba nenda sasa, usisubiri, ila usianzie maabara. Na usijisumbue kutafuta bingwa wa mzio kwanza, maana kwetu huku daktari aliyesomea mzio peke yake ni wa kutafuta kwa tochi. Anza na daktari bingwa wa watoto. Mzuri atakusikiliza kwanza, na akiona haja atakuelekeza kwa mwenye vipimo.

Kuhusu harara. Mheshimu mume wako, lakini hii ni rahisi kutofautisha ukiwa na picha. Harara ni vipele vidogo vidogo, vinakaa kwenye makunjo ya shingo, mgongoni, sehemu zenye jasho, na vinakaa siku kadhaa. Mabaka ya mzio yananyanyuka, yanawasha, yanahama. Saa hii yapo tumboni, baadaye yako mapajani, na kabla ya usiku yameisha kama hayakuwepo. Binti yangu tulimpa yai la kuchemsha, akapaka kiini uso mzima kama kawaida yao. Mama yake hajamaliza hata kuosha vyombo, mtoto midomo imevimba, kidevu na shingo vimejaa mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu, kisha akatapika. Jioni alikuwa anakimbia sebuleni. Ungempeleka kwa daktari kesho yake bila picha, daktari angeona mtoto mzima kabisa. Kwa hiyo simu yako ndiyo kipimo cha kwanza: piga picha, na andika saa aliyokula na saa yalipotokea.

Saa ndiyo inayobeba mambo mengi hapa. Mzio wa chakula wa aina hii hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka muda wa saa mbili hivi baada ya kula. Mabaka yaliyotokea kesho yake asubuhi, mara nyingi chakula cha jana unakisingizia. Watoto wa umri huo hutokwa na mabaka hata kwa virusi tu vya mafua au homa, bila chakula chochote kuhusika. Ndiyo maana pia watoto wengi wanapewa amoksilini wakiwa na homa ya virusi, wanatoka vipele, na kuanzia hapo kwenye faili wanaandikwa "mzio wa penisilini" maisha yao yote. Wakija kupimwa vizuri, wengi mno hawana mzio huo.

Halafu kuna samaki, nawaambia hasa wa pwani. Vibua na jodari wakikaa bila barafu ya kutosha hujijaza histamini, kemikali ile ile ambayo mwili hutoa wakati wa mzio, na kupika hakuiondoi. Ukila unawiva uso, unawashwa, kichwa kinagonga, sawasawa na mzio. Ukiona waliokula ni wanne na watatu wamewashwa, lawama ni ya samaki. Ukiona ni mtoto mmoja tu, na kila mara akila samaki, hapo sasa ni mtoto.

Turudi kwa mwanao. Hapo kwenye uji wa lishe ndipo nilipokaa sana nilipokuwa nasoma bandiko lako, kwa sababu uji wa lishe ni chakula kizuri ila ni shahidi mbaya. Ule unga wa kusaga mtaani una mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, wengine wanatia ufuta, wengine dagaa. Vyakula vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio ya chakula ni maziwa, mayai, karanga, korosho na jamaa zake, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, pamoja na ufuta. Hesabu mwenyewe vingapi vimo kwenye sufuria moja ya uji. Na chapati za maji nazo: ngano, yai, wengine hukorogea maziwa.

Fanya hivi kabla hujaenda popote. Chukua karatasi, upande mmoja orodhesha kila kilichokuwamo kwenye chapati, upande wa pili kila kilichokuwamo kwenye uji, pamoja na kama uji ulitiwa maziwa au siagi. Kisha kata kile ambacho mtoto anakula siku nyingine bila tatizo. Kama asubuhi anakunywa maziwa ya ng'ombe na yuko salama, maziwa yamejitoa. Kama anakula mkate, ngano imejitoa. Usishangae ukibaki na vitu viwili tofauti, mathalani yai kwenye chapati na karanga kwenye uji. Watoto wenye mzio wa yai si wachache huwa na kingine. Hiyo karatasi ndiyo daktari wetu aliyotumia muda mwingi nayo kuliko kitu kingine chochote. Alitaka kujua alikula kiasi gani, kiliiva vipi, baada ya muda gani, alikuwa na homa au hana, keki anakula au hali. Anakula, tukamwambia. Akaandika kwa wino mzito. Kumbe watoto wengi wenye mzio wa yai huweza yai lililookwa muda mrefu ndani ya unga, kwa sababu moto huvunja sehemu ya protini. Akasema keki aendelee nayo, ila yai la kuchemsha, la kukaanga na chipsi mayai visimame.

Baadaye ndiyo tukapelekwa kwenye kipimo cha ngozi. Wanaoogopa, ni hivi: wanaweka matone kwenye mkono au mgongo, kila tone ni kitu kimoja, wanachoma juu juu na kijisindano ambacho hakifiki hata damu. Tone moja ni histamini, lazima livimbe. Tone lingine ni maji ya chumvi, halitakiwi kuvimba. Unasubiri kama robo saa, kisha wanapima kipenyo cha uvimbe kwa rula, milimita tatu au zaidi ya lile la maji ndiyo huhesabiwa. Binti alilia zaidi kwa kushikwa mkono kuliko kwa sindano. Na umri si kizuizi, hata mtoto wa chini ya mwaka hupimwa. Ila sikia hili: Piriton, setirizini na ndugu zake huficha majibu, zinatakiwa ziachwe siku kadhaa kabla. Piga simu uulize wanataka siku ngapi, usije ukafunga safari bure.

Majibu yetu yakaja: yai chanya, karanga chanya. Mama yake akashtuka, kwa sababu binti alikuwa anakula karanga kwenye uji karibu kila siku. Daktari akatuuliza swali moja tu, "Akila anapata nini?" Hapati kitu. "Basi aendelee."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siipendi ile pakeji ya vyakula vyote. Kipimo chanya kinasema mwili umekitambua kitu hicho, hakisemi mtoto ataumwa akikila. Ukipima vyakula thelathini bila historia yoyote, huwezi kukosa vichache vya kuwaka. Na kumwachisha mtoto chakula anachokiweza si jambo dogo. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti wa Uingereza uitwao LEAP, wa watoto 640 wachanga wenye pumu ya ngozi (eksema) kali au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga tangu kabla ya mwaka mmoja, nusu wakazuiwa mpaka miaka mitano. Waliozuiwa ndio waliokuja kuwa na mzio wa karanga kwa wingi, mara kadhaa kuliko waliolishwa. Ushauri wa zamani wa "mfiche karanga mpaka akue" ukafia hapo. (Karanga ya kusaga lakini. Karanga nzima kwa mtoto huyo ni ya kumkaba tu.)

Ndugu yangu mmoja alianzia maabara kama ulivyoshauriwa. Alirudi na karatasi ya rangi rangi: acha maziwa, acha ngano, acha mayai, acha ndizi, acha nyanya. Mtoto akabaki na ugali na mchicha. Baada ya miezi michache kadi ya kliniki ilikuwa inajieleza yenyewe, uzito ulikuwa umeacha kupanda. Alipoipeleka ile karatasi kwa daktari wa watoto, daktari akamwonyesha herufi pembeni ya majibu: IgG. Zote ni aina za kingamwili, askari wa mwili walio kwenye damu, ila mzio wa ghafla hupimwa kwa IgE. Hiyo IgG ya vyakula huonyesha mtoto amezoea kula nini, basi. Kwa hiyo yeyote atakayekuuzia kipimo, muulize herufi ya mwisho ni ipi kabla hujatoa hela.

Sasa mambo ya haraka. Kama siku moja mabaka yataambatana na kukohoa mfululizo, kupumua kwa shida au kwa mlio, sauti kukauka, kutapika kusikokoma, au mtoto kulegea na kupauka, hapo hakuna kusubiri miadi ya mtu. Hospitali ya karibu, sema mlangoni "mzio mkali wa chakula". Dawa yake ni adrenalini, inachomwa msuli wa paja kwa nje. Mlaze, au mwache akae kama anapumua kwa shida, ila usimtembeze. Piriton haifungui kifua, na kumpa kisha ukae kuangalia itakavyofanya kazi ni kupoteza dakika. Zile kalamu za adrenalini, sindano za kujichoma mwenyewe, ambazo wenzetu wa Ulaya hutembea nazo mkobani usitegemee kuzikuta famasi ya mtaani, kwa hiyo jua mapema hospitali ipi iliyo karibu nawe iko wazi usiku.

Kama mwanao ana pumu ya ngozi tangu mchanga, mashavu na makunjo ya viwiko yakikauka na kuwasha, mwambie daktari hata kama hakuuliza. Ngozi iliyopasuka ni mojawapo ya njia ambazo mwili hujifunzia mzio, na kuitibu vizuri ni nusu ya kazi. Kaskazini huko, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, ngozi ya mtoto wanaijua.

Na chanjo, kwa sababu najua mama mkwe atauliza. Ya surua na rubella, ile ya miezi 9 na 18, haina tatizo kwa mtoto mwenye mzio wa yai. Kwa umri wa mwanao ya pili ilishafika, kama uliiahirisha kwa hofu hii mpeleke. Ya homa ya manjano ndiyo hutengenezwa kwa mayai, hiyo ukitaka kusafiri naye mwambie muuguzi kwanza.

Na yule mchangiaji mwingine aliyesema mpe kidogo kidogo nyumbani azoee: la, kwa mtoto ambaye hujui kilichomdhuru, usijaribu. Kulishwa kwa majaribio kupo, na ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote, lakini hufanyika hospitalini, wanaanza na chembe, wanaongeza taratibu, adrenalini ikiwa mezani. Sisi tulirudia hivyo na yai binti alipokua. Mzio wa maziwa na mayai watoto wengi huuacha njiani, karanga ndiyo wachache huiacha. Mpaka sasa yetu ni keki na chapati, chipsi mayai bado, na dada wa kazi anajua kuliko sisi.

Hebu ulizia pale mlikosagisha ule unga walitia nini hasa, na utuambie kama mkate na maziwa anatumia bila shida. Ukiweka hapa, hata kabla ya miadi tutakuwa tumeshapunguza orodha.