Usiuonyeshe mlinganyo gramu kabla hujapata moli

Mdogo wangu, futa hilo jibu kabla hujakusanya daftari. Umeandika kwamba magnesiamu gramu 6 ikiungua yote inatoa oksidi ya magnesiamu gramu 6, eti kwa sababu 2Mg + O₂ → 2MgO ina 2 huku na 2 kule. Kosa hilohilo lilinila mwaka mzima.

Nilikuwa kidato cha nne. Swali lilihusu kupata chuma kutoka kwenye hematiti, yaani oksidi ya chuma: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂. Tumepewa oksidi tani 160, tutafute chuma. Nikaona 1 kwa 2, nikazidisha, nikaandika tani 320 na kupiga mistari miwili chini. Chuma tani 320 kutoka kwenye oksidi tani 160! Jibu ni tani 112. Na si hapo tu, kila hesabu ya mtihani ule niliipeleka njia hiyohiyo. Nikaambulia D. Nilitaka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na kwa D ya kemia huendi. Wenzangu wakabeba masanduku kwenda kidato cha tano, mimi nikabaki nyumbani kutafuta ada ya kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama aliuza mbuzi.

Njia hiyo sikuiota. Alinipa mwalimu wa tuisheni, tuliyemlipa kila Jumamosi. "Namba za mbele ndiyo uwiano, zidisha, songa mbele." Uwiano wa nini? Hakusema. Ukiuliza unaambiwa kariri, mtihani hauulizi kwa nini. Mpaka leo ananiuma, maana kueleza kungemchukua dakika 5.

Zile namba za mbele zinahesabu chembe, hazipimi uzito. Korija ya khanga ni 20 na korija ya leso za kufutia jasho ni 20, lakini ziweke kwenye mzani uone kama zinalingana. Moli ni korija ya mkemia, ila yake ina chembe 6.02 × 10²³. Moli moja ya magnesiamu ina gramu 24, ya molekuli za oksijeni 32, ya MgO 40. Idadi ni ileile, uzito mbalimbali.

Kwa hiyo gramu igeuze moli kwanza. Kwanza kabisa, hata kama swali linaonekana jepesi, hata kama mwenzako keshamaliza. Ukishapata moli ndipo uusome mlinganyo, na mwisho ndipo urudi kwenye gramu. Gramu 6 gawanya kwa 24, ni moli 0.25. Mlinganyo unasema 2 kwa 2, basi MgO nayo ni moli 0.25. Zidisha kwa 40: gramu 10.

Jihakikishie. Oksijeni iliyotumika ni nusu ya hapo, moli 0.125, mara 32 ni gramu 4. Sita na nne, kumi. Kwa hesabu yako, Mg 2 kwa O₂ 1, oksijeni ingekuwa gramu 3, yaani zinaingia 9 zinatoka 6. Tatu zimekwenda wapi? Lavoisier, mkemia Mfaransa, alipima vitu hivi kwenye vyombo vilivyofungwa tangu karne ya 18 na uzito haukupotea. Mimi ningejumlisha tu pande mbili ningeona chuma changu kimezidi, lakini hakuna aliyenifundisha kujumlisha.

Umeuliza pia namna ya kukariri valensi, yaani uwezo wa atomi kuungana na nyingine, na jinsi ya kusawazisha milinganyo mirefu. Sawazisha, ndiyo, atomi za kila aina zilingane pande zote mbili, maana mlinganyo usiosawazishwa unakupa uwiano wa uongo hata kama moli zako ni sahihi. Lakini leo shika moli.

Sasa lifanye upya lile swali lako la pili, la kalsiamu kabonati gramu 25 inayochomwa mpaka ibaki chokaa: CaCO₃ → CaO + CO₂. Moli moja ya CaCO₃ ni gramu 100, ya CaO ni 56. Ukipata chokaa gramu 14 na gesi gramu 11, kusanya. Ukipata 25 tena, niandikie usiku huuhuu kabla hujalala.