Excel inameza sifuri na namba za NIDA

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Natunza orodha ya kikundi cha wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nikiandika namba za simu kwenye Excel, sifuri ya mwanzo inapotea. Namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) ndiyo balaa, zinageuka 1.98504E+19. Nifanyeje?

JIBU: Excel inadhani unapiga hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi.

Simu ni jambo dogo. Chagua safu nzima, bonyeza Ctrl+1, nenda Custom, na kwenye kisanduku cha Type andika sifuri 10. Zitaonekana.

NIDA ndiko kwenye hasara. Excel hushika tarakimu 15 tu, na namba ya NIDA ina 20, kwa hiyo 5 za mwisho zimeshageuzwa sifuri. Hata ukibadilisha muundo hazirudi; itabidi uziandike upya kutoka kwenye vitambulisho, pole sana. Safari hii, kabla hujaandika namba yoyote, futa zilizomo kwenye safu, chagua safu nzima, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, kisha andika. Au weka vistari kama vilivyo kwenye kitambulisho (8-5-5-2), Excel itaichukua kama maandishi.

Namba ya NIDA uliyoiandika upya ikiegemea kushoto mwa kisanduku, iko salama. Pembeni huenda kikatokea kipembetatu cha kijani: kiache, au chagua Ignore Error. Usithubutu kubonyeza Convert to Number, maana tarakimu zitaliwa tena.