Dipoziti ya gari iliyotumika: kabla hujagombana angalia dili imevunjwa na nani

Mkuu pole sana. Kwa ulivyoeleza, ulitoa dipoziti ili gari isiuzwe kwa mtu mwingine, ukaleta fundi akakuta giaboksi inagonga, halafu ikajulikana kadi ya gari imeshikiliwa na benki kwa mkopo wa mwenye gari, na sasa muuzaji anakwambia "dipoziti huwa hairudi, kila mtu anajua". Si kweli. Nimeshakuwa mnunuzi na nimeshakuwa muuzaji, na pande zote mbili nimeona hilo neno "hairudi" linatupwa tu ili mtu anyamaze. Swali la msingi ni hili, dili imevunjwa na nani na kwa sababu gani?

Kama ni wewe umebadili mawazo, umepata nyingine nafuu zaidi, hapo mwenzako ana hoja. Kazi ya dipoziti ndiyo hiyo, kuonyesha hutamkimbia, na nchi nyingi sheria inamruhusu kubaki nayo ikiwa ni kiasi cha wastani. Ila ukiwa umelipa karibu nusu ya bei, hata risiti ikiandikwa dipoziti, atapata kazi kueleza kwa nini ale yote, hayo yanaanza kuwa malipo ya awali na anachoweza kudai ni hasara aliyoipata kweli. Mimi nilipokuwa nauza, mnunuzi wangu alijitoa bila sababu, nikakata hela ya kulipia tangazo upya tu, nikamwonyesha risiti yake, iliyobaki nikamrudishia na tukaachana vizuri.

Kwako wewe ni tofauti kabisa. Aliyeshindwa kutoa alichokitangaza ni yeye. Gari yenye deni la benki ambalo hakulitaja hawezi kukukabidhi ikiwa safi, sasa anashikilia hela yako kwa lipi? Wafaransa kwenye sheria yao ya kiraia, kifungu cha 1590, wameandika kabisa kwamba aliyetoa arubuni, yaani dipoziti ya kushikia dili, akijitoa anaipoteza, na aliyeipokea akijitoa anarudisha mara mbili. Si kila nchi wanarudisha mara mbili, lakini wazo la kwamba dipoziti inawafunga wote wawili liko sehemu nyingi sana na wauzaji hawapendi kulisikia.

Yangu ilitokea kwenye yadi. Kitabu chao cha risiti kilikuwa na muhuri mwekundu kule chini, "pesa ikilipwa hairudishwi". Nikamwambia jamaa sitoi kitu mpaka aandike kwa peni chini ya huo muhuri kwamba hela itarudi yote fundi akikuta tatizo, halafu asaini, akanuna ila akaandika maana gari ilishakaa sana pale. Fundi alipofika hata boneti hakufungua kwanza, aliingia nyuma akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ile sehemu ambayo siku zote inabaki imejikunja ndani, ukatoka na mstari wa kahawia wa tope. Akainua kapeti, reli za viti zimekula kutu. Gari ilishalala kwenye maji, imeoshwa mpaka inanukia lakini mkanda hakuna aliyeukumbuka. Nikapiga picha pale pale, mkanda, reli, na namba ya chasisi ili kesho asije akasema hizo picha ni za gari nyingine.

Na usifikiri yule jamaa wa yadi alikataa kunirudishia hela, hakukataa hata mara moja. Alikuwa anasogeza tu. Bosi kasafiri, mara subiri gari iuzwe kwanza, mara chagua nyingine hapo hapo tukuhamishie hela. Hiyo ndiyo inayomaliza watu, maana kila ukipiga simu unajibiwa vizuri na mkononi hubaki na kitu. Nikaacha kupiga nikaanza kuandika: tarehe niliyolipa, kiasi, sharti aliloliandika mwenyewe, alichokikuta fundi, na kwamba nampa siku 14 arudishe kwa njia ile ile niliyolipia. Bila tusi, bila kumtishia polisi. Akajibu kwamba nimemkosesha wateja, wakati tangazo la gari hiyo hiyo lilikuwa bado hewani, nikampelekea skrinshoti. Akataka kukata "gharama za kuitunza", nikamwomba risiti za hizo gharama, hakuwa nazo. Alilipa kwa awamu, na ile ya kwanza alitaka nisaini kwamba tumemalizana, nikakataa nikaandika nimepokea sehemu ya deni. Kuwa makini sana hapo, karatasi ya kumalizana ukishaisaini iliyobaki ndo imekwenda.

Kuna wanaokushauri kwamba una siku kadhaa za kughairi bila sababu, angalia kwanza. Nchi za Umoja wa Ulaya zina siku 14 ila ni pale umenunua kwa mfanyabiashara kwa mbali, mfano mtandaoni, si kwa mtu binafsi anayeuza gari yake. Marekani watu wanatajataja siku 3, lakini ile kanuni ya shirikisho haihusu gari uliyoifuata mwenyewe ofisini kwa muuzaji. Usijenge madai yako juu ya kughairi, yajenge juu ya deni la benki na giaboksi, hapo una nguvu zaidi.

Kitu ambacho hujasema, hela alipokea nani? Kama kulikuwa na dalali na hela iliingia kwake, mwenye gari atakwambia hajaona kitu na dalali atakwambia ameshamfikishia. Tafuta meseji yoyote ambayo mwenye gari anamtaja dalali kama mtu wake, "ongea na huyo", "mlipe huyo", hiyo inatosha kumrudisha mwenye gari mezani. Kama huna, basi andika madai kwa wote wawili kwenye ujumbe mmoja ili kila mmoja aone jibu la mwenzake. Na kama ulilipa kwa kadi ya benki, wahi benki yako leo ukapinge hayo malipo, wana muda maalumu wa kupokea malalamiko ukipita hawakusikilizi.

Fundi naye akuandikie alichokiona, na tarehe na namba ya chasisi ziwepo. Siku ulizompa zikipita bila jibu, nenda mahakama ya madai madogo kama kwenu ipo, kwingi hata wakili huhitaji. Muuzaji akijibu, lete jibu lake hapa neno kwa neno, hasa akiandika chochote kuhusu hilo deni la benki.