Aliyepona Msimrudishe Bandani

Jana asubuhi kijana mmoja wa zamu alinifuata mbio, uso umejaa furaha. "Mzee, vifo vimekoma! Dawa nimeshaisitisha." Ilikuwa siku ya tatu ya dozi. Nilitaka kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja. Huyu ni wa nne kuniletea maneno hayohayo, na maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa furaha ileile. Kwa hiyo wadogo zangu, kaeni tuzungumze kuhusu kipindupindu cha ndege kwenye bata mzinga. Kuku naye hukipata, bata wa majini naye hukipata, ila bata mzinga huangamia upesi kuliko kuku.

1. Msikimbilie kusema "wamekula sumu". Najua kwa nini mnasema hivyo: umefunga banda jioni ndege wote wanakula, asubuhi unakuta madume matatu wanene wamelala chali. Ugonjwa huu ukija kwa kasi huua ndege mwenye afya kabla hajakonda. Lakini ukitulia ukawatazama waliobaki, utaona. Kuna aliyejikunja na manyoya yamesimama, kuna anayehema haraka na ute unamtoka mdomoni, na kinyesi kinaanza cha maji cheupe kisha kinakuwa cha kijani chenye ute. Kichwa kikigeuka zambarau, huyo hana saa nyingi. Mara nyingi huwapiga wakubwa, wale mliokwisha kuwalisha miezi, na ndiyo maana unauma sana. Ingieni bandani mkasimame dakika kumi bila kufanya kitu. Hakuna anayenisikiliza nikisema hivi, kila mtu anaingia na ndoo na kutoka na ndoo.

2. Pasueni mzoga kabla ya kufungua chupa ya dawa. Tazama moyo: vidoti vya damu kwenye mafuta yake. Tazama ini: limevimba, lina vidoti vyeupe kama vichwa vya pini. Kwa bata mzinga tazama sana mapafu, maana mara nyingi huwa yameshikana na kuwa magumu kama ini. Mabaka makubwa ya mviringo kwenye ini pamoja na kinyesi cha njano ni jambo jingine, huo ni ugonjwa wa kichwa cheusi, na dawa za bakteria hazitaugusa. Erisipela, ugonjwa mwingine wa bakteria, nayo huua ghafla na hufanana mno na kipindupindu, tena huingia kwa mtu kupitia jeraha la mkono, kwa hiyo vaeni glavu. Macho yetu hayatoshi. Pakeni damu ya moyo au ini kwenye kioo, ipelekwe maabara ipakwe rangi ya Giemsa. Bakteria wa Pasteurella, ndio wanaoleta kipindupindu hiki, hukolea rangi ncha zote mbili, katikati hubaki peupe. Mkiwa na wasiwasi wa mafua ya ndege au kideri, msipasue chochote. Fungeni banda, mwiteni daktari wa mifugo.

3. Malizeni dozi. Hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisimulia lote.

Nilikuwa msimamizi wa banda la bata mzinga mia sita, wiki ya kumi na nne. Siku ya kwanza walikufa wawili, ya pili tisa, ya tatu kumi na saba. Daktari alikuja, akapasua, akachukua sampuli, akaandika dawa ya salfa, ya kuua bakteria, iwekwe kwenye maji na kuniambia tarehe ya kumaliza. Siku ya tatu ya dawa sikuokota mzoga hata mmoja. Nilizunguka banda mara mbili kuhakikisha. Nusu ya dawa ilikuwa imebaki, nikaifunga vizuri na kuiweka kabatini, nikaandika kwenye daftari: ugonjwa umekwisha. Mwenye shamba alinisifu mbele ya wenzangu.

Kwenye chumba cha wagonjwa walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Mmoja shingo imepinda. Wawili wanachechemea, magoti yamevimba. Na kulikuwa na dume mmoja mkubwa, nyama laini ya chini ya shingo imevimba upande mmoja, lakini anakula, anajitanua mkia, na kila nikifungua mlango anakuja kulia miguuni pangu. Nilimpenda yule ndege. Nilisema amepambana akashinda, anastahili kurudi kwa wenzake. Nikawarudisha wote kumi na mmoja, nikawafungulia mlango kwa mkono wangu huu.

Siku ya tisa vifo vilirudi. Siku ya kumi na mbili vilikuwa kwenye banda la pili pia, la majike ya kutotolesha, ambako hakukuwahi kuwa na ugonjwa. Kutoka banda la kwanza kwenda la pili nilikuwa napita mimi tu, na buti zilezile. Nilitoa ile dawa kabatini nikaiweka majini, lakini ndege mgonjwa hanywi maji, na waliokunywa walikuwa wale ambao bado wazima. Kabla ya mwisho wa mwezi nilikuwa nimezika zaidi ya nusu ya banda langu.

Dume wangu naye alikufa. Daktari alimpasua mbele yangu. Ndani ya ule uvimbe kulikuwa na usaha mkavu wa njano, umeganda kama jibini. Aliniambia kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukali: aliyepona na kubaki na uvimbe anabeba bakteria puani na kooni, na kila anapotia mdomo kwenye kinyweshea anawagawia wenzake. Bakteria huyu ni dhaifu. Jua linamuua, ukavu unamuua, dawa ya kawaida ya kusafishia banda inamuua. Asingeweza kurudi peke yake. Mimi ndiye niliyempa mwenyeji na kumfungulia mlango.

Mwishowe tulitoa ndege wote wa mabanda yote mawili, tukaondoa matandazo, tukaosha, tukapuliza dawa, tukaacha mabanda wazi yakauke. Ndipo ukaisha.

4. Mengine ni ya haraka. Okoteni mizoga asubuhi na jioni, maana ndege hudonoa maiti ya mwenzao na kuambukizwa hapohapo. Panya wapigwe vita mwaka mzima. Paka asiingie bandani, mdomo wake una bakteria huyuhuyu. Kila banda na buti zake. Sugueni vinyweshea kila siku. Kundi liingie lote, litoke lote. Mkichanja kwa chanjo yenye bakteria hai inayotiwa kwenye maji ya kunywa, dawa za bakteria zisiwe kwenye maji hayo wala mwilini mwa ndege, zitaiua chanjo. (Louis Pasteur, ambaye bakteria hawa wamepewa jina lake, alidhoofisha hawahawa wa kuku karibu mwaka 1880 akapata chanjo ya kwanza ya maabara. Nimeeleza hivyo kwa kila kundi la wageni na sitaacha.) Na siku za kusubiri baada ya dawa kabla ya kuchinja ziheshimiwe, kuna mtu atakula ile nyama.

5. Daftari lisiandike "umekwisha". Liandike idadi ya vifo, siku ya ngapi ya dozi, na nani yuko chumba cha wagonjwa.

Kijana wangu amenielewa, nadhani. Dawa imerudi kwenye maji jana hiyohiyo, na daktari amejulishwa kwamba ilikuwa imesitishwa. Kwenye chumba chake cha wagonjwa wamebaki watano, na mmoja ni jike anayelegea mguu, ambaye tayari amempa jina. Aliniuliza kama huyo mmoja tu anaweza kurudi. Nilimwambia hapana, na kwamba daktari akija kuwaondoa, nitakuwa hapo naye.