Asasi yetu haijulikani: maswali yenu na majibu

Tulituma taarifa ya mradi wetu wa kisima kwa magazeti manne, hakuna lililoiandika. Tatizo ni nini?

Kwa kawaida ni aya ya kwanza. Taarifa za asasi huanza na mgeni rasmi, wafadhili, dira na dhamira; maji yanatokea ukurasa wa pili, na mhariri hafiki huko. Anzeni na kilichobadilika: kisima kina urefu gani, kinahudumia vitongoji vingapi, ndoo ya lita 20 ni shilingi ngapi na fedha anashika nani. Hilo la mwisho wengi hulikwepa, ilhali ndilo mwandishi mzuri ataliuliza kwanza. Maneno 300 hadi 400 yanatosha, pamoja na nukuu ya anayechota maji (ya mwenyekiti inaweza kusubiri) na namba ya mtu ambaye kweli atapokea simu. Bandikeni maandishi ndani ya baruapepe yenyewe. PDF iliyoskaniwa, yenye mhuri na sahihi, inamlazimu mwandishi achape upya, naye hatachapa. Pigeni simu asubuhi. Jioni kurasa zinafungwa.

Gazeti limekataa picha zetu, na kwenye simu zinaonekana safi kabisa.

Zilipitia WhatsApp zikabanwa. Picha ya kuchapwa kwa upana wa sentimita 15, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji upana wa karibu pikseli 1,800. Zitumeni kama faili, au kwa baruapepe. Halafu watu kumi waliosimama mstari mmoja nyuma ya bango si habari, hata picha ikiwa na ubora wa namna gani.

Orodha yetu ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp ina watu 200, lakini wengi wanasema hawapati ujumbe.

Hawajahifadhi namba yenu. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu aliyeihifadhi, na orodha moja haizidi watu 256. Kwenye mkutano, karatasi ya mahudhurio ikizunguka, waombeni waihifadhi hapo hapo. Laini iwe ya asasi. Ikiwa ya ofisa, siku akiacha kazi anaondoka na orodha yote.

Waandishi wakidai nauli, tuwape?

Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka tu, kwa hiyo nauli hutoka mfukoni mwao. Ikilipwa, iwe gharama halisi ya safari, itajwe mapema na isainiwe. Bora zaidi, wachukueni wote kwa gari moja. Bahasha inayotolewa baada ya mahojiano ni malipo ya habari, na mkaguzi wa mfadhili ataiuliza.

Picha za watoto tunaowasaidia je?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Pateni idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, ikitaja picha itatumika wapi. Angalieni pia nembo kwenye sare: inataja shule hata mkificha jina. Mtoto aliyefanyiwa ukatili uso wake usionekane, hata mzazi akikubali.