Re: Kutoka polisi bila mshahara kushuka

Afande, umeuliza utatokaje polisi baada ya miaka 12 ya upelelezi bila kipato kushuka. Kampuni za ulinzi ziache, malipo yake mengi ni madogo. Tafuta benki, bima au kampuni za simu, kitengo cha kuzuia udanganyifu. Mimi kwenye usaili niliwekewa mafaili matatu ya mikopo, nikaambiwa nitafute sahihi iliyoghushiwa. Kazi ileile ya dawatini!

Ukipiga hesabu, usiangalie mshahara tu. Ongeza posho ya chakula, na kodi ya nyumba kama unakaa kota. Halafu pensheni: PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma Tanzania, wanataka michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni, wewe una 144. Tafadhali, usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujawauliza michango hiyo itajumlishwaje na ya NSSF, mfuko wa sekta binafsi.